Safu, Duara na Mabega: Historia Inayochezwa Mpakani

Huwa tunawapa wanafunzi wetu wa insha zoezi linaloonekana jepesi: eleza ngoma ya kwenu kwa Kiswahili. Wale wanaotoka mpakani, yaani Busia, Tororo na Mwello, ngoma wanazijua kwa miguu yao. Lakini wakishika kalamu, wengi huishia kwenye "wanarukaruka kwa furaha." Tumeona tulizungumzie jambo hili kwa sababu namna wachezaji wanavyojipanga ni historia, na historia hiyo haielezeki bila msamiati.

Tuanze na majina. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega imepata jina kutokana na ngoma zinazopigwa: kubwa, ya kati na ndogo. Bigwala ya Wasoga, upande wa Uganda, imeitwa kwa tarumbeta za vibuyu. Kamabeka ya Wabukusu imechukua jina la kiungo kinachotikiswa. Mwalimu wa isimu hahitaji kuambiwa kwamba kamabeka na mabega ni ndugu.

Sasa tutazame mpangilio. Katika isukuti, wanaume hushika safu yao na wanawake yao. Mwimbaji mmoja huongoza, na maneno yake hufuatana na mdundo pamoja na hatua za wachezaji. Hivyo ndivyo jamii inavyojipanga katika harusi, matanga na sherehe za kuzaliwa mtoto. Katika bigwala, wapigaji ngoma hukaa kati, na wapiga tarumbeta na wachezaji huwazunguka kwa duara wakiyumbisha viuno taratibu na kuinua mikono. Bigwala ilikuwa ya ufalme. Tawala za jadi za Uganda zilipofutwa kwa katiba ya mwaka 1967, duara hilo lilipoteza mlezi wake. Utawala wa Busoga ulirudishwa katika miaka ya 1990, lakini wajuzi walikuwa wamekwisha kupungua. UNESCO iliiingiza bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2012, na isukuti ikafuata mwaka 2014.

Pwani nako kulikuwa na mpangilio wa namna nyingine. Beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Wachezaji wake waliiga gwaride, wakatembea kwa mistari na kupeana vyeo vya kijeshi. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Hatua ya ngoma ilibeba habari za wakoloni, na huenda ilibeba pia kejeli dhidi yao.

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta na jamaa katika nchi mbili. Mstari huo ulichorwa na watawala, wala hakuna mchezaji aliyeulizwa. Ndiyo maana tunawaasa wanafunzi wasiandike "ngoma ya Kenya" au "ngoma ya Uganda" kabla ya kuuliza ni ya akina nani.

Kuna badiliko jingine tunalolishuhudia. Katika mashindano ya shule, waamuzi huketi mbele ya jukwaa. Basi duara hufunguka likawa nusu duara, na wachezaji ambao zamani walitazamana sasa humtazama mwamuzi. Hatulaumu, kwani mashindano yameokoa ngoma nyingi. Lakini kijana aliyejifunza jukwaani pekee anaweza kudhani kwamba nusu duara ndiyo asili.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunayo maneno safu, duara, jozi, kukabiliana, kuandamana, kuchuchumaa, kupiga goti, kurudi kinyumenyume, kukata kiuno. Tunao manju na sogora. Tunazo chapuo, vumi na msondo.

Kwa hiyo ombi letu kwa likizo ijayo ni hili. Ukifika nyumbani, mtafute bibi au babu mmoja anayejua kucheza. Muulize nani husimama wapi, mguu upi hutangulia, na kwa nini. Liandike jina la hatua kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha tafuta Kiswahili chake. Walimu, nasi tufanye vivyo hivyo, kwa maana wazee hao hawatungoji.