Mbu wa mchana: Kwa nini kumwaga maji peke yake hakutoshi msimu wa mvua

Masika yakishika Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na miji mingine ya pwani, dawa za mbu zinanunuliwa kama mkate: za kuchoma, za kupuliza, za kujipaka. Chandarua nacho kinashushwa mapema. Lakini bado mtu anaamka salama, anakaa kibarazani kunywa chai, na miguu inaanza kuwasha.

Sababu ni kwamba si mbu wote wanauma usiku. Na huyu wa mchana, mara nyingi amezaliwa hapohapo nyumbani, kwenye maji safi ambayo familia yenyewe imeyahifadhi.

Mbu watatu, tabia tatu

Wanaouma ni mbu jike tu, kwa sababu wanahitaji damu ili kutengeneza mayai. Majumbani kuna aina tatu za kuzijua:

• Anofelesi: Anauma zaidi usiku watu wakiwa wamelala, na ndiye anayeeneza malaria. Anapenda kutaga kwenye madimbwi ya mvua yanayopigwa na jua.

• Kuleksi: Huyu ndiye anayeimba sikioni usiku. Anazaliana kwenye maji machafu: mashimo ya vyoo, chemba na mitaro iliyoziba. Anaeneza matende na mabusha.

• Aedesi: Mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Anauma mchana, hasa asubuhi na saa chache kabla ya jua kuzama. Anaeneza homa ya dengue (kidingapopo) na chikungunya.

Dengue si ugonjwa wa mbali. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019. Chikungunya nayo jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Iligunduliwa baada ya mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika.

Hewa yenye unyevunyevu inampa mbu nafasi ya kuishi muda mrefu zaidi, maana kwenye hewa kavu hukauka na kufa haraka. Hilo lina uzito wake: kirusi cha dengue kinahitaji siku kadhaa ndani ya mwili wa mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu anayeishi muda mrefu ndiye hatari.

Siri iko ukutani mwa ndoo

Watu wengi wanajua kwamba maji yaliyotuama yamwagwe. Shida ni kwamba aedesi hatagi majini katikati. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukimwaga maji, mayai yanabaki yamenata. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha siku chombo kikijaa tena, yanaanguliwa.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kusugua. Chukua brashi au dodoki na sabuni, sugua kuta za ndani za pipa, ndoo na diaba, suuza, ndipo ujaze maji upya.

Fanya hivyo mara moja kwa wiki. Kwenye joto la pwani, yai lililoanguliwa linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Usafi wa pamoja wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri, ila kwa mbu huyu mwezi mzima ni mrefu mno.

Pa kukagua nyumbani

• Simtanki, mapipa na madumu: Maji ya bomba yakiwa ya mgawo, huwezi kuacha kuhifadhi. Funika kwa mfuniko usioacha upenyo, au funga kitambaa chepesi na ukibane kwa mpira.

• Trei ya maji nyuma ya friji na visahani vya chini ya vyungu vya maua.

• Matairi, makopo, vifuu vya nazi na vifuniko vya chupa uani: Tupa, toboa au hamishia ndani pasipofika mvua.

• Mifereji ya bati: Majani yakiziba, maji yanabaki juu ambako hakuna anayetazama.

• Choo cha shimo na chemba: Ziba nyufa, na weka wavu juu ya bomba la hewa. Hii ni kwa ajili ya kuleksi.

Kama unaishi nyumba ya wapangaji, pangeni zamu. Aedesi kwa kawaida haruki mbali na alipozaliwa, hivyo ndoo moja ya jirani iliyosahaulika inatosha kuwauma wote wa ua huo.

Kujikinga ndani ya nyumba

Chandarua chenye dawa bado ni cha lazima, kwa sababu ya malaria. Kikague kama kimetoboka na ushone. Kifue kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, ukianike kivulini, kwani jua kali linapunguza nguvu ya dawa. Mtoto anayelala mchana naye alazwe ndani yake.

Weka wavu madirishani na uzibe uwazi kati ya ukuta na paa. Nguo zilizotundikwa, mapazia na uvungu wa kitanda ni maficho ya aedesi mchana, kwa hiyo kung'uta na kupuliza dawa huko kuna faida kuliko kupuliza hewani.

Feni inasaidia kweli: mbu hana nguvu ya kupambana na upepo. Ielekeze miguuni.

Kwa dawa ya kujipaka, soma maelezo ya kopo. Usimpake mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa mtoto mkubwa, mtu mzima aipake kwanza viganjani mwake, kisha ampake, akiepuka macho, mdomo na vidole vya mtoto. Dawa ya kuchoma iwe mbali na godoro na chandarua, na chumba kiwe na hewa.

Ukipata homa

Pima malaria mapema, usikisie. Majibu yakionyesha huna malaria na homa inaendelea, pamoja na maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma au vipele, rudi kituo cha afya uchunguzwe dengue.

Wakati unasubiri, tumia parasetamo kwa kipimo sahihi na kunywa maji mengi. Epuka aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu kama ni dengue.

Usidanganyike homa ikishuka. Kwa dengue, hatari mara nyingi huanza hapo. Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.