Kanda Irudiyo Ndiyo Mali: Historia ya Kukodisha Picha za Sinema

Walio darasani wasome polepole pamoja na mwalimu wao. Walio nyumbani wachukue kalamu na karatasi, kwa kuwa hapo mbele tutafanya hesabu.

Huku kwetu Singida, mtu akiisha kuuza alizeti, vitunguu au kuku wake, hujiuliza: fedha hii niiweke wapi ipate kuzaa? Katika miji mingi ya nchi yetu walikuwako watu walioitia fedha yao katika kanda za sinema, wakazikodisha. Baadhi yao walipata faida. Wengine walipoteza kila senti. Leo tutaitazama historia ya biashara hiyo, tujue sababu. Huenda wewe hutakodisha sinema kamwe, lakini sababu zenyewe zitakufaa.

MWANZO WAKE

Mwaka 1921, mjini Unguja, Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la sinema lililoitwa Royal. Jumba la sinema ni mali ya tajiri. Lahitaji jengo, mashine kubwa na umeme. Lakini tazama jambo moja: kwa kawaida wenye majumba hawakuzinunua picha walizoonyesha. Walizikodi kwa wasambazaji, wakazionyesha, wakazirudisha ili ziende mji mwingine. Basi tangu zamani sinema imekuwa biashara ya kukodi.

Unguja na Dar es Salaam watu walibuni hila njema. Picha moja ndefu ilikuwa katika magurudumu kadhaa ya filamu. Jumba la kwanza likimaliza gurudumu moja, kijana alilichukua kwa baisikeli, akalikimbiza jumba la pili. Hivyo nakala moja ilionyeshwa katika majumba mawili usiku ule ule. Gharama ya nakala moja, mapato ya milango miwili. Likumbuke jambo hili.

Vijijini sinema ilifika kwa lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha fupi za kufundisha kilimo na afya zilitengenezwa, zikapelekwa kuonyeshwa kwa watu. Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, ikashika kazi ya kuingiza na kusambaza picha nchini. Katika siku hizo zote mtu wa mtaji mdogo hakuwa na nafasi.

KANDA YAMFUNGULIA MLANGO MTU MDOGO

Mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuuza mashine ya video ya VHS. Sasa picha nzima iliingia katika kasha dogo la kushika mkononi. Huko Marekani, mwaka 1977, mtu mmjoa aitwaye George Atkinson alifungua duka dogo mjini Los Angeles akiwa na picha 50 tu. Kila mwanachama alilipa dola 50 kwa mwaka, kisha dola 10 kwa kila siku ya kukodi. Angalia busara yake. Ile ada ya uanachama ilimpa fedha kabla kanda haijatoka dukani. Wateja wenyewe walimsaidia kuujenga mtaji.

Kwetu mlango ulifunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Televisheni na deki zikaongezeka mijini. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994. Katika sehemu nyingi televisheni ilikuwa sanduku bubu mpaka itiwe kanda. Kwa hiyo mwenye kanda alitafutwa na kila mwenye televisheni.

Zikatokea biashara mbili. Ya kwanza ni duka la kukodisha kanda. Mteja wake ni yule mwenye deki nyumbani. Ya pili ni kibanda cha video, ambacho watu walikiita kibanda umiza. Hapo deki ni moja, mabenchi ni machache, na pasipo umeme huwekwa jenereta. Mteja wa kibanda hahitaji kitu ila kiingilio. Yule wa duka alihesabu wenye deki katika mtaa wake. Yule wa kibanda alihesabu watu wote.

Tena kulikuwa na shida ya lugha. Picha nyingi zilisemwa Kihindi, Kichina au Kiingereza. Dar es Salaam, Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kueleza picha kwa Kiswahili, na sauti yake ikatiwa katika kanda. Kampala nako wako watafsiri wa namna hiyo kwa Kiganda. Picha iliyokuwa haieleweki ikawa yaeleweka, na kwa hiyo ikapata wateja zaidi.

HESABU YAKE

Sasa shika kalamu. Bei hizi ni za mfano tu, si za soko.

Mtu ana shilingi 60,000. Ananunua kanda 20 kwa shilingi 3,000 kila moja. Anakodisha kwa shilingi 300 kwa usiku. Kanda moja itarudisha bei yake ikitoka mara ngapi? Gawanya 3,000 kwa 300. Jibu ni mara 10.

Kila kanda ikitoka mara mbili kwa juma, atakodisha mara 40, naye atapata shilingi 12,000. Toa shilingi 3,000 za kodi ya chumba na umeme. Zabaki 9,000. Mtaji wake utarudi katika juma la saba. Kabla ya hapo hana faida hata senti moja, ijapokuwa sanduku lake lina fedha. Akizila fedha hizo, anakula mtaji.

Lakini tuseme ni kanda 5 tu zipendwazo, na 15 zakaa rafuni. Atakodisha mara 10, apate shilingi 3,000. Toa gharama 3,000. Hakuna kinachobaki. Na je, kanda mbili zikipotea? Hizo ni shilingi 6,000, yaani amekodisha mara 20 bure. Ndiyo maana mwenye duka mwerevu aliandika daftari: jina la mteja, kanda, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Naye alidai amana, hata kwa jirani yake. Asiyejua kuandika alitegemea kumbukumbu, na kumbukumbu huona haya mbele ya ndugu.

KWA NINI BIASHARA ILIKUFA

Mwaka 2003 ilitoka picha ya Kiswahili iitwayo Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na baada yake picha za kwetu zikawa nyingi. Baada ya kanda zikaja CD na DVD, kisha flashi na simu. Nakala zikawa rahisi kununua. Mtu akiweza kununua kwa bei inayokaribia ile ya kukodi, kwa nini akodi? Hata matajiri hawakuokoka. Kampuni ya Blockbuster ya Marekani, iliyoanza mwaka 1985, ilipata kuwa na maduka zaidi ya 9,000. Mwaka 2010 iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika.

Yako pia mambo ya sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humpa mwenye kazi haki juu ya kuinakili, kuitafsiri, kuikodisha na kuionyesha hadharani. Kununua nakala si kununua haki hizo. Atakaye kufungua kibanda aombe kibali kwanza, asije akanyang'anywa vyombo vyake vyote.

TUJIFUNZE NINI?

Kodisha viti vya arusi, maturubai, masufuria au baisikeli. Hesabu ni ile ile. Mali yako si wingi wa vitu ulivyonunua, bali ni mara ngapi vinatoka na kurudi vikiwa vizima. Anza na vichache vinavyotakiwa. Andika daftari. Na mtaji urudi kabla chombo hakijapitwa na wakati, kwa maana kila chombo kina siku zake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kijana wa baisikeli aliwaongezeaje faida wenye majumba ya sinema?
2. Mtu akikodisha kila kanda mara tatu kwa juma, mtaji wake wa shilingi 60,000 utarudi katika juma la ngapi?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani watu huhitaji kwa siku moja tu, wala hawana haja ya kukinunua?

Kwaherini mpaka juma lijalo.