Ngazi ya Zama: Madini na Historia katika Mchezo wa "Age of Empires"

Katika mwezi wa Oktoba, 1997, kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires, uliotungwa na Ensemble Studios ya Dallas, Marekani. Mchezo huo uliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na vijana wengi walilijua jina la Wahiti au la Waashuri kwa kuucheza kabla ya kulisoma kitabuni. Kwa hiyo haifai wanachuoni waudharau. Makusudi ya makala haya ni kutazama jinsi unavyozipanga zama za kale, na kuupima mpango huo kwa ushahidi wa historia.

Mchezaji huchagua taifa moja katika 12, miongoni mwao Wamisri, Wayunani, Wababeli, Wafoinike na Waajemi. Huanza na wanakijiji wachache, naye huwaamuru kuwinda, kulima, kukata miti na kuchimba. Mali zote ni za aina nne: chakula, miti, mawe na dhahabu. Akiisha kujenga majengo yaliyowekwa kuwa sharti na kulipa gharama, taifa lake hupanda kutoka Zama za Mawe hadi Zama za Zana, kisha za Shaba, kisha za Chuma. Daraja ya mwisho hununuliwa kwa vipimo 1000 vya chakula na 800 vya dhahabu.

Ngazi hii haikubuniwa Dallas. Christian Jürgensen Thomsen, mtunzaji wa vitu vya kale mjini Copenhagen, ndiye aliyevipanga vyombo vya makumbusho yake kwa kufuata mawe, shaba na chuma, na mwaka wa 1836 mpango wake ukachapishwa. Ulikuwa mpango wa kuziweka sawa hazina za Denmark. Waliomfuata ndio walioufanya kuwa kanuni ya wanadamu wote.

Hapa lugha yetu yataka uangalifu. Kiswahili huita shaba madini yenyewe yachimbwayo, na huita shaba vilevile mchanganyiko wake na bati. Zama za Shaba zilipata jina kwa huo mchanganyiko. Basi bati halipatikani kila mahali, na dola za kale zililazimika kulileta kutoka mbali. Ushahidi ulio wazi ni chombo kilichozama karibu na Uluburun, pwani ya Uturuki, kama miaka 1300 kabla ya Kristo, kikagunduliwa mwaka wa 1982: kilichukua shaba tupu tani 10 hivi, na bati kama tani moja. Katika mchezo hamna shaba, wala bati, wala chuma cha kuchimba. Zama zimepewa majina ya madini, na madini yenyewe hayamo. Kwa hiyo mchezaji hawezi kuona jinsi kila mfalme alivyomtegemea jirani yake, hata yule aliyempiga vita.

Kosa la pili latokana na hilo. Mchezoni taifa huingia katika Zama za Chuma kwa wingi wa mali. Lakini katika nchi za mashariki ya Bahari ya Kati, chuma kilienea baada ya maangamizi. Karibu na mwaka wa 1200 kabla ya Kristo Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, uliachwa. Baada ya miaka michache Ugarit uliteketea. Wayunani walipoteza hata maandishi yao, yale yaliyosomwa upya na Michael Ventris mwaka wa 1952, wakakaa karne nne hivi kabla ya kuazima herufi za Wafoinike. Mchezoni maandishi ni elimu inunuliwayo mara moja, ili washirika waonyeshane nchi walizozivumbua. Likiisha kununuliwa halisahauliki. Taifa laweza kuangamizwa, lakini haliwezi kusahau.

Tena, ngazi hii haina nafasi kwa sehemu kubwa ya Afrika. Katika mataifa 12 ya kwanza ni Misri peke yake iliyotoka bara hili. Karthago iliongezwa mwaka wa 1998. Kusini ya Sahara, watu wengi walitoka katika mawe wakaingia katika chuma pasipo kupita katika shaba ya mchanganyiko. Katika nchi za Maziwa Makuu, wafinyanzi wa vyungu viitwavyo Urewe waliyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kwa sheria za mchezo, wahunzi hao ni muhali: hakuna awezaye kufika kwenye chuma asipokwisha kulipia shaba.

Hatusemi kwamba mchezo ufungiwe mlango. Mwalimu aweza kuutumia kwa faida, maadamu awaulize wanafunzi wake maswali mawili: bati limetoka wapi, na ni nani aliyeweka ngazi hii? Mwenye kuyajibu atakuwa ameanza kuisoma historia yenyewe.