Rent, Kodi na Pango: Nani Alipwe kwa Kumiliki?

Kiingereza kina neno fupi, "rent", ambalo wengi wetu hulifasiri kuwa ni kodi ya nyumba. Fasiri hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Neno hilo limebeba maana kadhaa, na historia ya maana hizo inahusu swali la kisiasa ambalo hatujalimaliza: nani ana haki ya kulipwa kwa sababu tu anamiliki?

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "reddere", yaani kurudisha. Kupitia Kifaransa cha kale liliingia Uingereza likimaanisha pato la mali, na pia malipo ambayo mkulima alimpelekea bwana mwenye ardhi. Wafaransa hadi leo humwita "rentier" mtu anayeishi kwa mapato ya mali yake bila kufanya kazi.

Mwaka 1817 David Ricardo alilipa neno hilo maana ya kitaaluma. Miaka miwili kabla, Bunge la Uingereza, ambamo wenye mashamba walikuwa na nguvu kubwa, lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje. Ricardo alieleza kuwa nafaka haiwi ghali kwa sababu mwenye shamba anatoza kodi kubwa. Kodi ndiyo inayokuwa kubwa kwa sababu nafaka ni ghali. Mwenye ardhi nzuri huvuna ziada bila kushika jembe. Mwaka 1974 Anne Krueger, akichunguza vibali vya kuingiza bidhaa India na Uturuki, alilipeleka neno hilo mbali zaidi: watu hutumia mali na nguvu zao kugombea faida inayotokana na upendeleo wa serikali, badala ya kuzalisha. Kibali nacho kikawa shamba.

Kiswahili kina utata wake. "Kodi" ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na ni malipo ya raia kwa serikali. Tukitaka kutofautisha, husema "kodi ya pango". Historia yetu iliwahi kuifanya tofauti hiyo iwe finyu sana. Mwaka 1897 utawala wa Wajerumani ulitoa amri ya kutoza kodi ya nyumba. Mtu aliyejenga kibanda kwa miti na udongo wa kijijini kwake alitakiwa kumlipa mgeni ili aendelee kulala ndani yake, na aliyekosa fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kwa kazi. Huyo alikuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyomsukuma Mwalimu Nyerere mwaka 1958, katika andiko lake "Mali ya Taifa", kupinga mpango wa Waingereza wa kuruhusu umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, wachache watainunua na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 umilikaji huo ulifutwa na kugeuzwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Kwa maandishi, basi, sote ni wapangaji wa umma. Mitaani hali ni nyingine. Barabara ya mwendokasi ilipofika Kimara, ilijengwa kwa fedha za umma; lakini mwenye nyumba jirani na kituo anaweza kupandisha pango bila kuongeza hata tofali. Anapokarabati paa au kuchimba kisima, anastahili malipo ya kazi na mtaji wake. Ile nyongeza inayotokana na mahali tu ndiyo "rent" ya Ricardo, na aliyeizalisha ni jamii.

Mwaka 2021 tulianza kulipa kodi ya majengo kupitia LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni deni la mwenye jengo, lakini mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Asipodai kukatiwa fedha hiyo kwenye pango, analipa kodi zote mbili: ya mwenye nyumba na ya serikali. Na kwa kiwango kimoja cha namna hiyo, nyumba ya kawaida iliyo kando ya kituo hulipa sawa na iliyo mwisho wa njia ya vumbi.

Wabunge wanapojadili kodi, tuwaulize wanazungumzia kodi ipi. Kama ardhi ni ya umma kweli, thamani ambayo umma umeizalisha katika ardhi hiyo irudi kwa umma kupitia pango la ardhi, kabla hatujamwongezea mzigo mpangaji anayenunua umeme wa shilingi elfu mbili.