Kujitolea katika makao ya sokwe: Mambo ya kujua kabla ya kuvuka mpaka

KISIWA cha Ngamba kiko katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, umbali wa takriban kilomita 23 kutoka mji wa Entebbe. Ni kisiwa kidogo cha ekari 100 hivi, lakini tangu Oktoba 1998 kimekuwa makao ya sokwe mayatima, na hupokea wageni kutoka nchi za mbali ambao hawaendi huko kustarehe bali kufanya kazi bila mshahara.

Kujitolea ugenini kwa ajili ya kuwatunza wanyamapori ni jambo ambalo limeenea sana katika miongo ya hivi karibuni. Wengi wanaolifanya ni vijana kutoka Ulaya na Marekani, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Hata hivyo, hakuna linalomzuia Mkenya mwenye nia hiyo kuvuka mpaka akatoa mchango wake. La muhimu ni kuelewa kwanza makao ya namna hii yapo kwa nini, kazi yenyewe ni ipi, na ni vipi anayejitolea anaweza kugeuka kuwa mzigo, au hata hatari, kwa wanyama aliokwenda kuwasaidia.

Chanzo cha mayatima

Sokwe huishi katika misitu ya Afrika, kuanzia Senegal hadi magharibi mwa Tanzania. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaorodhesha miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kuangamia tangu 1996. Misitu yao inafyekwa kwa ajili ya mashamba na mbao, huku wawindaji haramu wakiwaua kwa ajili ya nyama.

Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano na humng'ang'ania mamake mchana na usiku. Kwa sababu hiyo, ni nadra jangili kumpata mtoto bila ya kumuua mama, na mara nyingi hata jamaa wengine wanaojitokeza kumtetea. Mtoto huyo ndiye anayeuzwa kwa walanguzi ili afugwe nyumbani au aonyeshwe kwa watu, ingawa mkataba wa kimataifa wa CITES unaharamisha biashara hiyo.

Maafisa wanapomnasa mlanguzi, swali huwa ni wapi pa kumpeleka mtoto. Kumrudisha msituni si jambo rahisi. Hajafunzwa na mamake kutafuta chakula, huenda ameambukizwa maradhi ya binadamu, na kundi la sokwe wa porini linaweza kumuua mgeni asiye wao. Aidha, sokwe anayetunzwa vyema anaweza kuishi miaka 50 au zaidi. Anayekubali kumpokea mmoja, basi, amejitwika jukumu la nusu karne.

Maisha ya kisiwani

Ngamba ilianza na sokwe 19, na kwa sasa idadi yao ni takriban 50. Ekari 95 hivi ni msitu wao, na sehemu ndogo iliyobaki ni ya wafanyakazi na wageni. Ua wa umeme ndio unaozitenga sehemu hizo mbili. Kwingineko ukuta ni maji yenyewe, maana sokwe hawajui kuogelea.

Msitu huo ni mdogo mno kuwalisha sokwe wote hao. Hivyo basi, kila siku huletewa matunda na mboga, na jioni hurejea katika banda lao kulala kwenye vitanda vya kuning'inia. Majike huwekewa vipandikizi vya kuzuia mimba, kwani kila mtoto anayezaliwa humnyima nafasi yatima anayeokolewa.

Anayejitolea hushika kazi zinazoonekana duni. Hukata matunda na mboga, husafisha banda, husaidia kuandaa chakula, na hukaa kwa saa nyingi akitazama na kunakili mienendo ya sokwe: nani amegombana na nani, nani hakula, nani anachechemea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe hutolewa tangu siku ya kwanza.

Asichopaswa kutarajia ni kuwabeba sokwe mikononi. Sokwe dume aliyekomaa ana nguvu kumshinda mwanamume yeyote, na meno yake yanaweza kukata vidole vya mtu kwa mara moja.

Maradhi ya binadamu

Sababu nyingine ya kukaa mbali ni afya ya sokwe wenyewe. Kwa kuwa maumbile yao yanakaribiana sana na yetu, magonjwa yetu huwapata pia. Mwaka wa 1966, ugonjwa unaoaminika kuwa polio uliwapooza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe, Tanzania, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa ameanza utafiti wake 1960. Mwaka wa 2013, sokwe watano wa kundi moja katika msitu wa Kibale, Uganda, walikufa kutokana na virusi ambavyo kwa binadamu huleta mafua tu.

Ndiyo maana makao yanayoheshimika humtaka mgeni aonyeshe cheti cha chanjo za magonjwa kama surua, polio na homa ya ini, pamoja na matokeo ya kupimwa kifua kikuu. Anayeanza kukohoa huondolewa kazini mara moja. Asiyekubali masharti hayo ni afadhali abaki kwao.

Kwa nini ulipe ili ufanye kazi?

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba anayejitolea hulipa ada, tena kubwa. Maelezo yake ni kwamba makao hayana mapato ya kuuza chochote. Chakula, mafuta ya mashua, dawa na mishahara ya walezi wa kudumu hutokana na michango, watalii na ada hizo. Wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipozuka mwaka wa 2020 na safari zikasimama, makao mengi barani Afrika yalibaki na wanyama wale wale wa kulishwa bila wageni wa kuyachangia.

Lakini fedha hizo hizo zimewavutia walaghai. Mfano unaojulikana zaidi ni wa simba wa Afrika Kusini. Kwa miaka mingi, vijana wa kigeni walilipa ili kuwanyonyesha kwa chupa watoto wa simba walioambiwa ni mayatima. Wengi wa watoto hao walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa makusudi siku chache baada ya kuzaliwa. Walipokua, baadhi yao waliuzwa kwa wawindaji wa kitalii ili wapigwe risasi ndani ya ua, na mifupa yao kusafirishwa hadi Asia. Filamu ya Blood Lions ya mwaka wa 2015 iliufichua mtindo huo, na Mei 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kukomesha ufugaji wa simba wa kibiashara.

Kijana aliyekwenda kwa moyo safi, kwa hivyo, alikuwa akigharamia mauaji ya mnyama aliyemlea.

Dalili za kutambua

Kabla ya kutuma fedha, uliza maswali haya. Je, wageni huruhusiwa kuwashika wanyama na kupigwa picha nao? Kama ndiyo, jiepushe. Je, wanyama huzaliana, na watoto huenda wapi? Makao halisi hayazalishi ili kuuza. Je, kila mnyama ana historia inayojulikana ya alikookolewa? Je, kazi za kudumu zimepewa wenyeji wa sehemu hiyo, au ni wageni wanaobadilishana kila wiki? Mlezi wa kudumu ndiye anayefahamika na mnyama. Mgeni wa wiki mbili hapaswi kuchukua nafasi yake.

Kwa upande wa nyani wakubwa na wadogo, njia nyepesi ni kuchunguza iwapo makao ni mwanachama wa PASA, muungano wa makao ya aina hiyo barani Afrika ulioundwa mwaka wa 2000 mjini Entebbe. Ngamba ni mmoja wao.

Mkenya anahitaji nini?

Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha kitaifa. Hata hivyo, ruhusa ya kuzuru si ruhusa ya kufanya kazi, hata kama haina malipo. Ni vyema kuyauliza makao yenyewe ni kibali kipi kinachohitajika kutoka idara ya uhamiaji. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia ni lazima kiwe mkononi.

Asiye na uwezo wa safari asivunjike moyo. Kenya haina sokwe wa porini, lakini ina makao yao huko Sweetwaters, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Yalifunguliwa mwaka wa 1993 ili kuwapokea sokwe mayatima kutoka Bujumbura, wakati vita vilipozuka Burundi. Wao pia walivuka mipaka, ila hawakuchagua safari hiyo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kwa sokwe aliyempoteza mama, moyo peke yake hautoshi. Anahitaji mtu aliyechanjwa, anayefuata amri, na anayeridhika kukata mihogo na kusafisha banda bila ya kumgusa hata mara moja.