Kisimbuzi: boksi linalopitwa na wakati likiwa zima

Ukipita madukani Nyarugusu, mji wa wachimbaji wadogo mkoani Geita (si ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu yenye jina hilohilo), utasikia kifaa kimoja kikiitwa kwa majina manne. Wengi husema king'amuzi. Wenye vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyesha mpira kwa kiingilio, husema dekoda. Wazee wa madishi makubwa ya futi sita wameshikilia risiva. Na kwenye matangazo ya biashara, hasa ya mpira, ni kisimbuzi.

Majina haya hayalingani uzito. Risiva inasema tu kwamba kifaa kinapokea, jambo ambalo hata redio ya mkulima inaweza. King'amuzi kilishika kasi wakati wa kampeni ya kuhama analojia, pale mitambo ya zamani ya Dar es Salaam ilipozimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 na ya Mwanza ikafuatia mwishoni mwa Februari 2013. Ni jina tamu, ila lina kasoro. Kung'amua ni kutambua jambo lililojificha, kazi ya mwenye akili. Mtu akiambiwa amenunua king'amuzi, ni haki yake kuamini kwamba boksi litang'amua chochote kitakachotumwa, leo na kesho.

Boksi halina akili hiyo. Linachoweza ni kurudisha katika picha na sauti kitu kilichofungwa kwa msimbo, na msimbo wenyewe lazima liwe limeundwa kuujua. Hapo ndipo neno kisimbuzi linapopata nguvu. Limejengwa kwa utaratibu uleule wa funga na fungua, ziba na zibua: kusimba ni kutia katika msimbo, kusimbua ni kuutoa. (Mashabiki wa Yanga wasikwazike, simba huyu hana manyoya.) Jina hili linakuachia swali la kumuuliza muuzaji: kisimbuzi cha msimbo upi?

Swali hilo lina thamani ya pesa, kwa sababu misimbo hubadilika. Matangazo ya awali ya dijitali kwa setilaiti yalibana picha kwa mtindo uitwao MPEG-2. Mwaka 2003 ukaja H.264, ambao watu wa madukani wanauita MPEG-4, na unaweza kubeba picha ileile kwa takriban nusu ya data. Mwaka 2013 ukafuata H.265, nao ukapunguza karibu nusu nyingine. Kwenye upande wa kusafirisha mawimbi, mtindo wa zamani wa DVB-S ulipata mrithi mwaka 2005, DVB-S2, unaopitisha takriban asilimia 30 zaidi katika nafasi ileile ya setilaiti. Nafasi hiyo hukodishwa kwa fedha nyingi. Mwenye kituo akihamia msimbo mpya anapunguza kodi yake au anaongeza chaneli kwa kodi ileile. Gharama ya kununua boksi jipya inamwangukia mtazamaji, naye hakuulizwa.

Mchimbaji wa Nyarugusu ana bahati ya kulielewa jambo hili kuliko mtu wa Masaki, Dar es Salaam. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likiwa fupi, mwamba uliolainika kwa hali ya hewa hutoa dhahabu inayokamatwa vizuri na zebaki. Duara likizidi kwenda chini, mwamba unageuka mgumu wenye salfaidi, na zebaki ileile inaacha dhahabu nyingi ipotee na mchanga. Zebaki haijaharibika, ni mwamba uliobadilika. Kisimbuzi cha zamani hupitwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha mfukoni, chunguza boksi linakufa kwa namna gani. Fundi mzuri hapandi kwanza juu ya bati. Anauliza: "Mama, sauti ipo?" Akijibiwa, "Sauti ipo fundi, picha ndiyo hamna," na chaneli nyingine zinaonekana kama kawaida, basi boksi limepokea mawimbi sawasawa ila halijui picha ilivyobanwa. Hapo msimbo umehama, na hakuna kugeuza dishi kutakakosaidia. Ikiwa chaneli haitokei kabisa kwenye orodha hata baada ya kutafuta upya, wakati jirani mwenye dishi la kuelekea upande huohuo anaipata, mara nyingi kituo kimehamia DVB-S2 na boksi linajua DVB-S peke yake. Lakini chaneli zote zikipotea mvua inapokuja na kurudi inapokatika, kisimbuzi hakina kosa. Mawimbi ya madishi madogo humezwa na mvua kubwa. Angalia kwanza kama dishi limelegea, kama kebo imeingia maji kwenye kiungo, au kama LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, imechoka. Watu wengi wamenunua boksi jipya ili kutibu ugonjwa wa kebo.

Kuna pia ujumbe wa kadi au kifurushi unaotokea kwenye skrini. Huo ni msimbo wa tatu baada ya ule wa kubana picha na ule wa kusafirisha mawimbi: ni wa kufuli, na hufunguliwa kwa malipo.

Setilaiti nayo inaweza kubadilishwa bila mtu kugusa kitu. Mnamo Machi 2024 ilirushwa Eutelsat 36D kuchukua nafasi ya Eutelsat 36B, iliyokuwa angani tangu 2009. Mahali pake angani ni palepale, nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Nyarugusu, huku ile ya nyuzi 7 inayobeba Azam ikiwa imelalia magharibi. Muuzaji akikuambia "setilaiti mpya imekuja, badilisha boksi," mwulize ni nini kilichobadilika kwenye msimbo. Akikosa jibu, funga mkoba.

Fundi mwingine atajitolea kuliflashi boksi la zamani ili lipate mambo mapya. Hapa Kiswahili kinatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mtaani yote huitwa kuapgredi. Kusasisha ni kuweka programu mpya ndani ya kifaa kilekile, na kunaweza kuondoa hitilafu au kurekebisha orodha ya chaneli. Kubadilisha ni kuleta kifaa kingine. Kusimbua H.265 hufanywa na chipu iliyojengwa kwa kazi hiyo, na boksi lisilo nayo halipewi kwa kuflashi.

Kwa mwenye kibanda umiza hesabu ni ya biashara. Mwaka 2021 Azam na TFF, shirikisho la soka nchini, walitia saini mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo mechi za Simba na Yanga zina mlango unaojulikana, na mwenye kibanda anaweza kupanga. Akitumia skrini kubwa, boksi la HD linajilipa, kwani kwenye ukuta mpana picha ya zamani huonekana kama imetiwa maji. Wa nyumbani mwenye televisheni ndogo ya inchi 24 inayotumia sola hana sababu ya kukimbilia HD. Yeye aangalie kitu ambacho wauzaji hawakitaji: boksi linakula umeme kiasi gani, na kama linaweza kuwashwa moja kwa moja na volti 12 bila inveta.

Maoni yangu ni haya. Anayetazama chaneli zake zote leo asibadilishe kitu kwa ajili ya hofu. Anayelazimika kununua asichukue tena boksi lisilo na DVB-S2 na H.264, hata likiwa bei ya kutupa. H.265 ilipiwe zaidi pale tu ambapo tayari kuna chaneli unayoitaka inayoitumia.

Ombi moja kwa waagizaji, na kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayowasimamia. Maboksi yanafika Nyarugusu yakiwa na herufi na tarakimu ambazo mnunuzi hawezi kuzisoma na muuzaji mara nyingi hataki kuzieleza. Waandike ubavuni mwa kila kisimbuzi, kwa Kiswahili na kwa herufi za kuonekana, kinasimbua misimbo ipi, kinatumia umeme kiasi gani, na kama chaneli za bure zitaendelea kuonekana kifurushi kikiisha.