Vijana, Upinde na Mawindo: Mlango wa Fiqhi Tunaoupita Haraka



Katika kitabu cha Minhaj at-Talibin cha Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277), ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu wamekuwa wakikisoma kwa vizazi vingi, mlango wa uwindaji na uchinjaji unafuatwa na wa udh-hiya, kisha wa vyakula, kisha mlango wa mashindano ya mbio za wanyama na kulenga shabaha. Katika darsa nyingi mlango huu wa mwisho hupitwa haraka. Mwanafunzi hujiuliza: upinde uko wapi leo, na farasi wako wapi?

Ukweli ni kwamba milango hii imebeba elimu kubwa ya malezi ya vijana. Inaeleza namna ya kumfundisha anayeanza, namna ya kumshindanisha na wenzake, na mpaka ambao mchezo haupaswi kuuvuka. Tutaitazama kupitia maisha ya Swahaba mmoja, Abdullah bin Umar (R.A.), kisha tuone nini kilitokea katika Baghdad na Cairo karne nyingi baada yake.

VIJANA WA MADINA

Ibn Umar alipokuwa na umri wa miaka 14 alijitokeza kwenda vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha. Alipofika miaka 15, katika vita vya Khandaq, akaruhusiwa. Habari hii imo katika Sahih al-Bukhari na Sahih Muslim.

Katika siku hiyo hiyo ya Uhud, vitabu vya Sira vinatueleza habari za vijana wengine wawili, Rafi' bin Khadij na Samura bin Jundub (R.A.). Wote wawili walirudishwa. Mtume (S.A.W.) akaambiwa kuwa Rafi' ni hodari wa kupiga mishale, akamruhusu. Samura akasema kuwa yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakapiganishwa mieleka, Samura akamwangusha, naye akaruhusiwa. Ustadi wa vijana hawa haukuchukuliwa kwa maneno matupu wala kwa nasaba zao. Ulijulikana au ulijaribiwa mbele ya watu.

Kuhusu upinde wenyewe, Mtume (S.A.W.) alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mpigaji mishale, na akasema yuko pamoja na kundi mojawapo. Kundi la pili likasita. Wakasema watatupaje ilhali yeye yuko na wenzao? Akawaambia watupe, kwani yuko pamoja nao wote. Hadithi hii ameipokea al-Bukhari kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (R.A.). Mwalimu hakutaka kundi lolote livunjike moyo, na mashindano yakaendelea.

MBIO ZA HAFYAA

Ibn Umar mwenyewe ndiye aliyetupokelea habari ya mbio za farasi. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa matayarisho ya kupunguzwa miili kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa. Wale ambao hawajatayarishwa akawashindanisha kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Sufyan amekadiria masafa ya kwanza kuwa maili 5 au 6, na ya pili kuwa maili 1. Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo humu. Yalikuwa mashindano mawili, si moja. Aliyekwisha kuwa tayari alipewa masafa marefu, na asiye tayari akapewa masafa yake. Mafaqihi wa Shafii wakaweka sharti katika mlango huu kwamba lazima iwezekane kwa kila mshindani kushinda. Ikiwa mmoja ni dhaifu kiasi cha kujulikana kabisa kuwa atashindwa, mkataba wa dau hausihi. Anayeanza hawekwi mbele ya bingwa ili achekwe au anyang'anywe mali yake.

Ama zawadi, msingi wake ni Hadithi waliyoipokea Abu Dawud, at-Tirmidhi na an-Nasai, kwamba dau halifai isipokuwa katika ngamia, mshale au farasi. Kiongozi au mtu wa nje akitoa zawadi, inafaa. Mshindani mmoja akitoa peke yake, inafaa pia. Lakini wakitoa wote wawili ili mshindi achukue, bila kuingia mshindani wa tatu asiyetoa chochote, hiyo ni kamari kwa rai ya wanavyuoni wengi. An-Nawawi ameongeza katika Minhaj kwamba dau halisihi katika kupiga bunduq, na neno hili tutalirejea.

NDEGE ALIYEFUNGWA

Miaka ikapita. Kijana wa Hafyaa akawa mzee na mwanachuoni wa watu. Siku moja akawapita vijana wa Kiquraish waliomsimamisha ndege wakimlenga kwa mishale, wakiwa wamepatana na mwenye ndege kuwa kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Walipomwona Ibn Umar wakatawanyika. Akauliza ni nani aliyefanya hivyo, kisha akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili.

Vijana wale walikuwa wakifanya jambo ambalo asili yake imehimizwa, yaani kujifunza kulenga. Makosa yao yalikuwa katika shabaha. Kiumbe hai alifanywa chombo cha mazoezi, hachinjwi wala haachiwi. Mwenye kuwakemea hakuwa mtu asiyejua mashindano. Alikuwa amepanda farasi katika mashindano ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe, na kwa hiyo alijua mpaka uko wapi.

KIDONGE CHA UDONGO

Ibn Umar ana kauli nyingine ambayo al-Bukhari ameitaja katika mlango wa uwindaji. Ndege aliyeuawa kwa bunduq, alisema, ni katika waliokufa kwa kupigwa, yaani mawqudha, ambao wametajwa kuwa haramu katika Suratul Maida, aya ya 3. Bunduq wakati huo kilikuwa kidonge cha udongo mkavu kilichorushwa kwa upinde maalumu. Kidonge hicho huua kwa uzito na kishindo. Hakitoboi kama mshale.

Kanuni hii inatokana na mafundisho aliyopewa Adiy bin Hatim (R.A.) alipouliza kuhusu fimbo ya kuwindia. Aliambiwa kuwa ikipiga kwa ncha yake ale, na ikipiga kwa ubavu wake asile.

Jina la kidonge hicho likahamia baadaye kwenye silaha ya baruti, na sisi Waswahili tukalipata tukasema bunduki. Silaha hiyo ilipoenea, wanavyuoni walihitilafiana. Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki mwaka 1252 H/1836) aliona risasi huua kwa kuunguza na kishindo, basi mnyama aliyekufa kwayo hahalaliki. Ash-Shawkani wa Yemen (aliyefariki mwaka 1250 H/1834) aliona risasi hutoboa na kupenya, basi mawindo yake ni halali ikiwa mwindaji ametaja jina la Allah. Rai hii ya pili ndiyo waliyoifuata wanavyuoni wengi wa zama za karibuni.

BAGHDAD YA KHALIFA AN-NASIR

Sasa tutazame uwindaji wa vijana ulipogeuka kuwa chama. Khalifa wa Bani Abbas, an-Nasir li-Dinillah, aliyetawala kuanzia mwaka 575 H/1180 mpaka 622 H/1225, alipenda sana kupiga ndege kwa bunduq. Mchezo huo ulikuwa na kanuni zake. Palikuwa na aina maalumu za ndege waliohesabiwa, na kila anayeanza alijinasibisha kwa mkubwa wake katika mchezo. Mwanahistoria Ibn al-Athir (aliyefariki mwaka 630 H/1233) anaeleza, kwa kulaumu, kuwa Khalifa alizuia kupiga bunduq isipokuwa kwa mwenye kujinasibisha kwake. Watu wa Iraq na kwingineko wakakubali, isipokuwa mtu mmoja wa Baghdad aliyekimbilia Sham. Alishawishiwa kwa mali akakataa. Alipoulizwa, alisema inamtosha fahari kwamba katika dunia nzima ni yeye peke yake asiyepiga kwa jina la Khalifa.

Habari hii huchekesha, lakini ina mazingatio. Ndege alikwisha kusahauliwa. Hakuna tena aliyeuliza kama nyama yake ni halali au ni mzoga. Kilichobaki ni jina la aliyepiga na jina la mkubwa wake. Haya yalikuwa Baghdad, mji uliojaa mafaqihi, miongo michache tu kabla ya Wamongoli kuuteka mwaka 656 H/1258.

CAIRO YA MAMLUKI

Katika Cairo ya Mamluki mambo yalipangwa kwa utaratibu mwingine. Al-Maqrizi (aliyefariki mwaka 845 H/1442) anaeleza kuwa vijana waliowekwa katika makazi ya ngome walianza na faqihi aliyewafundisha Qur'ani, kuandika, adabu za sheria na Sala. Walipokua ndipo wakafundishwa upinde na mkuki.

Mashindano yao mashuhuri yaliitwa qabaq. Mlingoti mrefu ulisimamishwa uwanjani, na juu yake kukawekwa kibuyu cha dhahabu au fedha chenye njiwa ndani. Mpiga mshale alipita chini akiwa juu ya farasi. Aliyekipiga njiwa akaruka, alipewa kibuyu na vazi la heshima. Zawadi ilitoka kwa Sultani, si mifukoni mwa washindani, na hilo linalingana na Fiqhi tuliyoitaja. Lakini mwanafunzi aliyeisoma Hadithi ya Ibn Umar ana haki ya kuuliza habari ya njiwa yule. Shabaha ilikuwa kibuyu, hata hivyo mshale ukipenya, roho iko hatarini. Utukufu wa dola si hoja mbele ya Hadithi sahihi.

YANAYOTUHUSU

Vijana wetu hawana upinde wa Mamluki, lakini wana manati. Mtoto wa madrasa hupiga tetere kwa jiwe, akamkuta amekwisha kufa, akamchoma akala pamoja na wenzake. Ni walimu wangapi wamemweleza kuwa huyo ni mawqudha? Akimkuta yu hai, amchinje kwa jina la Allah, na huyo ni halali. Mtume (S.A.W.) pia alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa haviwindi mawindo wala haviumizi adui, bali huvunja jino na kung'oa jicho. Jiwe la manati nalo limeng'oa macho ya watoto wengi.

Uwindaji mkubwa una sheria za nchi, na Muislamu hutimiza ahadi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inayodai kibali. Kuwinda kwa mchezo tu, bila haja ya nyama, wanavyuoni wamekuchukia hata pale sheria ya nchi inaporuhusu.

Anayetaka kuwapa vijana mafunzo ya kulenga, iwe kwa upinde au kwa chombo kingine kilichoruhusiwa, njia iko wazi. Aanze na faqihi kabla ya silaha. Awapange kwa viwango vyao kama zilivyopangwa mbio za Hafyaa. Zawadi itoke kwa mfadhili, na shabaha iwe ubao au kibuyu kitupu. Na wakitoka kuwinda, wawinde kwa ajili ya kula, wataje jina la Allah, na warudi nyumbani kabla mawindo hayajawasahaulisha Sala.

Wallahu A'lam.